Manjano Iliyokosekana

"Sikumuua. Hilo nimeshalisema."

"Na hujasema la pili," Inspekta Fantaye alimjibu. "Umeishi na mzee nyumba moja tangu mkewe afariki. Umempikia, umemfulia, amekata roho mikononi mwako. Nikikuuliza alikuwa anaumwa nini, unautazama ukuta. Huo ukuta umekuambia nini, dada yangu?"

Beletu aliendelea kuutazama ukuta. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye msalaba uliochanjwa kwenye paji la uso kama wanawake wengi wa kwao Gojjam. Shuka lake jeupe la pamba alikuwa amelivaa kimsiba, pindo la rangi limepandishwa juu shingoni. Mtuhumiwa wa mauaji, na bado anamwomboleza marehemu. Hilo halikumbabaisha Fantaye, kwa sababu katika kazi hii amewahi kuona wauaji wanaolia kuwashinda wafiwa.

"Kulikuwa na sumu kwenye lile tonge?"

"Hapana."

"Mbona alilikataa?"

Beletu alilivuta shuka lake shingoni, macho yangali ukutani.

"Beletu, nisikilize. Kesho asubuhi mwendesha mashtaka anaomba amri ya kufukua kaburi. Watauchimbua udongo wa Gashe Gebeyaw, wamtoe, wampasue. Wewe utabaki rumande mpaka majibu yaje, na majibu ya huku unajua yanavyotembea kwa miguu."

Hapo tu ndipo Beletu alipogeuka, machozi yamemjaa. "Msimfukue. Nawaombeni kwa Mikaeli mtakatifu, mwacheni mzee alale."

"Basi sema."

"Siwezi. Nimefungwa mdomo."

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe," alisema Beletu, akaurudia ukuta wake.

Fantaye alifunga kalamu. Maiti anayefunga watu midomo hakuwa amekutana naye bado.

Kesi yenyewe ilizaliwa kwenye hema la msiba. Gashe Gebeyaw, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye mtaa mzima wa Gulele ulimwita Gashe kwa heshima ya umri, alifariki Jumatatu, wiki moja baada ya Mwaka Mpya wa Kihabeshi, mwezi Septemba. Kesho yake akazikwa kanisani kwake, kama desturi ilivyo, bila daktari kumgusa. Binti yake wa pekee, Senait, alikuja kutoka Dire Dawa. Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya chama cha kuzikana, Senait aliitoa televisheni ya baba yake nje, akaichomekea kisanduku kidogo cha intaneti alichokuja nacho, akawaonyesha waombolezaji video ya marehemu ya Jumapili ya mwisho. Alitaka wamwone akicheka.

Walimwona akila. Walimwona Beletu akifinyanga gursha, tonge la injera, mkate laini wa Kihabeshi, unalomlisha mtu kwa mkono wako mwenyewe kumwonyesha upendo. Gashe alilipokea la kwanza. La pili akalikwepa. Beletu akashikilia, akamfuata nalo mdomoni mpaka akalimeza kwa shida. Na uso wa mzee kwenye kioo kile ulikuwa wa kijivu, rangi ya majivu ya jikoni. Mdogo wa marehemu, Bwana Mekuria, akasimama katikati ya hema akapiga ukelele: "Amelishwa sumu!" Senait naye akamwita Beletu muuaji mbele ya wote, na usiku huo Beletu alilala kituoni.

Fantaye alifika Gulele pamoja na Sajini Nebiyu wa kitengo cha picha, mtu mnene, mcheshi, anayetembea na mkoba wa nyaya mithili ya mganga na tunguri zake. Hema lilikuwa bado limesimama. Mekuria aliwapokea kama mwenye nyumba.

"Inspekta, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia kaka: huyu mwanamke mpe chumba cha nje, asikuzoee. Hakunisikia. Njoo uone." Akamvuta hadi chumbani, akamwonyesha blanketi zito la pamba alilokuwa akijifunika marehemu. Lilikuwa na vidoa vingi vya damu, vidogo vidogo. "Damu! Sasa niambie alikuwa anafanywa nini humu ndani."

Fantaye alilikunjua lote. Vidoa vilikuwa sehemu za mikono na miguu, na vingine vilikuwa vya zamani, vimefuliwa visitoke. "Mtu hapigwi kwa matone, Gashe Mekuria."

"Na dumu la maji kule jikoni?"

"Tulilipima. Maji matupu. Ya baraka, kutoka chemchemi ya Entoto."

"Kaka yangu na maji ya baraka wapi na wapi? Mwalimu wa hesabu yule! Kanisani alikuwa anakwenda kuhesabu mishumaa."

Kauli hiyo Fantaye aliiweka akiba. Nyuma ya mlango ulining'inia mkanda wa suruali. Aliushusha, akautazama. Kupita tundu la mwisho la kiwandani palikuwa na matundu mengine matatu yaliyotobolewa kwa msumari, na la mwisho wao ndilo lililochakaa kwa kutumika. Aliubeba mkanda ule hadi hemani, ilikokuwa bado televisheni, akauweka mezani bila kusema neno.

Senait alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, nguo nyeusi, kichwa kimefungwa. Uso wake ulikuwa mkavu. Majirani walinong'ona kwamba tangu mazishi hajalia hata mara moja, wala hajatia kitu kinywani zaidi ya maji. Sahani ya ngano na dengu za kuchemsha ilikuwa mbele yake haijaguswa.

"Niwekee ile video, mwanangu," alisema Fantaye.

Aliitazama mara moja, kisha akaitazama tena. Simu ilikuwa imeegemezwa mahali fulani mezani, kwa hiyo picha ilichukua kila kitu: sinia la injera, mkono wa Beletu, mzee na kofia yake iliyovutwa chini, na kando yake bilauri yenye maua. Mara ya tatu hakumtazama mzee. Alitazama bilauri.

"Senait, haya ni maua gani?"

"Adey abeba. Ya Mwaka Mpya."

"Yana rangi gani?"

Senait alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Manjano. Kuna adey abeba ya rangi nyingine?"

"Ndiyo ninayokuuliza. Mbona haya ni meupe?"

Hema lote liligeukia televisheni. Kwa majuma kadhaa sasa vilima vyote vya Addis vilikuwa vimefunikwa na maua yale, watoto wameyauza kila kona, na hakuna aliyeona kwamba bilauri ya Gashe Gebeyaw imejaa maua yaliyochujuka kama nguo iliyosahaulika juani.

"Imechezewa!" Nebiyu aliruka. "Mama yangu afe, video hii imechezewa."

"Mwache mama yako, ana presha. Leta simu ya marehemu."

Nebiyu aliitoa kwenye mfuko wa vielelezo. Ilikuwa simu ya bei mbaya, kioo kimepasuka chote tangu ilipomponyoka mzee siku ya kufa. Video ile ile ilicheza katikati ya nyufa, mzee mdogo kama punje, lakini maua yalionekana: manjano, yanawaka.

"Si nilisema? Moja ya kweli, moja ya uongo," Nebiyu alijigamba.

"Beletu huyo!" Mekuria akadakia. "Kaichezea afiche ushahidi."

"Beletu hajui hata kuwasha televisheni, ba'mdogo," alisema Senait taratibu. Lilikuwa neno lake la kwanza la kumtetea, na lilimtoka bila kukusudia.

Fantaye hakupenda kuruka hatua. "Nebiyu, weka kitu kingine humo humo. Mpira, taarifa ya habari, chochote."

Uwanja ulitokea kijani kibichi, jezi nyekundu kama pilipili.

"Televisheni nzima," alisema Fantaye.

"Na kisanduku kizima."

"Na simu inaionyesha video sawasawa, kwa hiyo na video nzima."

"Sasa afande, kama wote wazima, mgonjwa nani?"

"Ndiyo kazi uliyoletewa. Fikiri."

Nebiyu alikuna kidevu. Aliifungua video kwenye tarakilishi yake, akasoma maelezo yake, na majigambo yakamwisha. "Naomba nifute kiapo. Mama yangu aendelee kuishi." Akaelekeza herufi tatu kwenye kioo: HDR. "Unaziona hizi? Hata madukani zinabandikwa kwenye kona ya televisheni mpya. Simu kali kama hii inazoa mwanga mwingi kuliko kawaida, wa kivuli na wa jua kwa pamoja, halafu inaufunga kwa kanuni yake. Anayeufungua lazima aijue kanuni. Asiyeijua anaumwaga hivyo hivyo ulivyo, rangi zinafifia, kila kitu kinakuwa majivu. Mpira haukurekodiwa hivyo, ndiyo maana uko sawa."

"Na hapa asiyeijua nani?"

"Ama waya, ama tundu la televisheni, ama televisheni yenyewe, ama kisanduku."

"Anza na waya."

Alibadilisha waya. Majivu. Akahamisha waya tundu hili na lile nyuma ya televisheni. Majivu. Akazama kwenye mipangilio ya televisheni, akatoka akitikisa kichwa: ilikuwa ya zamani, mambo ya HDR haijawahi hata kuyasikia.

"Basi ndiyo yenye kosa," alisema Mekuria.

"Hapana, Gashe. Mgeni asiyejua lugha hana kosa, ana kosa mkalimani. Kisanduku kilipaswa kuona televisheni haijui, kibadilishe mwanga chenyewe kabla ya kuutuma. Hakikufanya." Alimgeukia Senait. "Dada, kisanduku hiki tangu ukinunue umewahi kukisasisha?"

"Kufanya nini?"

"Nimeshapata jibu."

Alikiunganisha na intaneti ya simu yake, kikaanza kujisasisha, mstari mdogo ukitambaa kwenye kioo. Jirani alileta kahawa. Fantaye aliketi chini kando ya Senait.

"Na kwako Dire Dawa, picha za baba zilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi. Kisanduku ndicho hiki. Nilidhani ndivyo video za simu zilivyo." Senait alishika kikombe asinywe. "Simu nilimnunulia mimi. Mimi natumia ya batani, nikasema bora yeye awe na nzuri. Kila Jumapili aliiegemeza kwenye bakuli la sukari, anasema, 'Senait naye ale na sisi.' Zinapanda zenyewe mtandaoni, jioni tunazitazama na watoto. Jumatatu asubuhi ananipigia."

"Anasema nini?"

"Anauliza, 'Umeniona?' Basi. Kila Jumatatu. 'Umeniona, mwanangu?' Namjibu, 'Nimekuona baba, uko fiti, unanishinda mimi.' Anacheka, anakata."

Mstari ulifika mwisho. Nebiyu aliingia kwenye mipangilio ya picha, akakiamuru kisanduku kitoe picha ya kawaida tu, chochote kitakachopewa. Kisha akaicheza upya video ya Jumapili ya mwisho.

Maua ndiyo yaliyotangulia. Yaliwaka kwenye bilauri, manjano yale yale ya vilimani, na mwanamke mmoja mlangoni mwa hema akasema "Ewe Mariamu!" kwa furaha. Injera ikapata kahawia yake, mchuzi ukawa mwekundu. Uso wa mzee ukaacha kuwa majivu. Kisha Gashe Gebeyaw, akilikwepa tonge la pili, aliinua macho kuitazama simu.

"Simamisha," alisema Fantaye.

Macho ya mzee yalikuwa ya manjano. Weupe wote wa jicho ulikuwa umegeuka rangi ya maua yaliyokuwa kando yake, na chini ya kivuli cha kofia ngozi nayo ilikuwa imeingia rangi hiyo hiyo, mpaka kwenye midomo. Fantaye aliwahi kumuuguza shangazi yake, akaijua rangi ile, na ilimchoma.

"Rudi nyuma. Ya Pasaka."

Pasaka macho yalikuwa meupe, mzee amenona, anacheka meno yote nje. Baada ya mvua za kwanza yalikuwa na ukungu wa chai. Katikati ya majira ya mvua kofia ilitokea, na mikono mirefu ya shati, na mzee akaanza kukaa mbali na dirisha. Kila Jumapili manjano iliongezeka na tonge likapungua. Jumapili zote zile zilikuwa zimefika Dire Dawa, zikatazamwa na binti na wajukuu, zikiwa za kijivu.

Fantaye alipiga picha kile kioo, akamtumia daktari mmoja wa hospitali kuu aliyezoea kusumbuliwa naye. Jibu lilirudi kahawa haijapoa: ini au njia ya nyongo, tena ugonjwa umekomaa, mgonjwa wa hivyo hujikuna usiku mpaka atoke damu, hukonda, na chakula humchukiza. Alipompa jina, daktari alikwenda kwenye kumbukumbu, akapiga simu mwenyewe. Gebeyaw alionwa pale kabla ya mvua. Aliambiwa ukweli, akashukuru, hakurudi.

"Blanketi hilo," Fantaye alisema, akiorodhesha kwa kidole kimoja tu, kinachohama. "Mkanda huo. Na mwalimu wa hesabu anayekwenda Entoto kuchota maji ya baraka, Gashe Mekuria, ni mwalimu aliyekwisha kupiga hesabu zake."

Mekuria alikaa kwenye benchi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alinong'ona.

"Kweli. Ila hapa aliyeumbuliwa ni mwingine, na mwenye ukelele ulikuwa wewe."

Senait hakuwa anawasikia. Alikuwa amesogea hadi kwenye televisheni, ameweka kiganja juu ya uso wa baba yake. "Alikuwa ananiuliza," alisema. "Kila Jumatatu alikuwa ananiuliza, na mimi namjibu nimekuona."

Mchana huo alimwona mwendesha mashtaka, akaweka mezani maelezo ya daktari na picha za Jumapili moja hadi nyingine. Ombi la kufukua kaburi liliondolewa. Beletu alisainiwa hati ya kuachiwa, akarudishiwa kiberiti chake na rozari yake, na Fantaye akampeleka Gulele mwenyewe kwa gari, kwa sababu aibu ya kumchukua mbele ya watu hulipwa kwa kumrudisha mbele ya watu.

Beletu aliingia hemani. Wanawake walisimama. Mekuria aliinuka, akainama mpaka chini, akashika magoti ya Beletu kuomba radhi. Beletu alimwinua bila kumtazama, akaenda moja kwa moja alipokaa Senait.

"Kwa nini hukusema?" Senait aliuliza. "Nilikuita muuaji mbele ya watu wote hawa. Ungesema neno moja tu: anaumwa. Hata kabla hajafa, ungenipigia. Ningekuja!"

"Alijua ungekuja. Ungeacha kazi, ungeuza nyumba umpeleke ng'ambo, na alikwisha kuambiwa haisaidii." Beletu alivuta shuka lake. "Nilimwambia nampigia simu mtoto. Akanishika mkono, akaniapisha."

"Kiapo gani cha kukupeleka gerezani?"

"Kwa jina lako. Alinitamkisha mwenyewe: 'Nikisema, Senait afe.'"

Watu wa hapa huapa hivyo mchana kutwa, mama afe, kaka afe, kwa bei ya nyanya na matokeo ya mpira, na hakuna anayekufa. Lakini kiapo kilichotolewa kwa mgonjwa aliyeushika mkono wako si cha sokoni.

"Hata baada ya wewe kunikamatisha kwa polisi," Beletu aliendelea, "kila yule inspekta aliponiuliza, nilikuona wewe ndani ya jeneza. Ningefanyaje? Nina mtoto gani mwingine?"

Senait alivuta karibu sinia la injera lililoletwa na majirani. Alikata kipande, akakifinyanga na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, akakiinua hadi mdomoni mwa Beletu. Beletu hakufungua. Alilitazama tonge, kisha akamtazama Mekuria kule kwenye benchi.

"Baba mdogo asionje kwanza?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mekuria alifunika uso. Tonge lilibaki hewani, mchuzi ukitiririka kwenye kifundo cha mkono wa Senait, naye hakuushusha. Mwishowe Beletu akafungua mdomo, akalipokea, akatafuna polepole, akameza.

"Halina chumvi," alisema. "Baba yako asingelila hili."

Ndipo Senait alipolia. Kilio kilianzia chini, kikapanda, kikatoka nje ya hema hadi barabarani, kilio chote alichokuwa amekiweka tangu kaburini, na Beletu akamkumbatia na kuanza kulia naye. Kwenye televisheni iliyosahaulika Jumapili ya mwisho ilikuwa bado inacheza. Fantaye alimwona Gashe Gebeyaw akiyainua tena macho yake ya manjano kuitazama simu, akisubiri. Alinyoosha mkono, akaizima televisheni.